Klasi Rahisi Si Aibu, Wenye Vidole Kumi Tulieni

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya hifadhidata. Hifadhidata zitangoja. Kuna kijana amenitia hasira, nimelala nayo siku tatu haijatoka, kwa hiyo leo ni michezo ya mtandaoni. Wewe usiyecheza pia kaa usome, jambo lenyewe si la michezo peke yake.

Kisa ni hiki. Mimi na mdogo wangu tunacheza World of Warcraft. Yeye yuko Muscat kikazi, mimi niko hapa Ukunda. Saa tatu usiku kwangu ni saa nne kwake, na hiyo ndiyo saa yetu. Mambo mengi ya nyumbani, dawa za mama, karo, mpaka wa shamba kule Msambweni, tumeyamaliza tukiwa tumesimamisha wahusika wetu mbele ya benki ya mchezo, tukiongea. Kwa simu huwa tunasalimiana tu na kukata.

Basi juzi tuliingia pangoni na watu watatu wa chama kimoja cha wachezaji. Mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, akawaeleza kwamba kaka yake ana tatizo la mkono, ndiyo maana anacheza mwinda wa wanyama na amewasha kisaidizi cha kitufe kimoja. Mmoja akaandika: klasi ya watoto. Baada ya kidogo akaongeza: asiyeweza kucheza atazame wenzake.

Sikumjibu. Kuandika haraka vita vikiendelea ndicho kitu nisichokiweza, na pengine alilijua hilo. Leo nina muda, nina kikombe cha kahawa, na hakuna jitu linalonifukuza.

Kwanza neno lenyewe. Klasi, kwa asiyejua, ni aina ya mpiganaji unayechagua mwanzoni kabisa: mwinda, mchawi, mponyaji, mwizi wa gizani, shujaa wa upanga. (Kwa sisi waandika programu klasi ni kitu kingine, lakini hata huko ukichagua vibaya mwanzoni utajuta hadi mwisho.) Kila klasi ina vitufe vyake, mpangilio wake na kasi yake. Kuna zinazoitwa rahisi na kuna zinazoitwa ngumu, na wenye vidole kumi wamejenga heshima nzima juu ya tofauti hiyo.

Sasa mkono. Mwaka 2019 bodaboda niliyopanda ilianguka kati ya Gazi na Msambweni, nikavunjika kiwiko cha kushoto. Mfupa uliunga vizuri. Kilichobaki ni neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko, ambayo ukijigonga pale unahisi umeme mpaka kidole cha mwisho. Neva hiyo ndiyo inayohudumia kidole cha mwisho, nusu ya kidole cha pete, na misuli midogo inayotanua na kubana vidole. Ikiharibika, vidole viwili hivyo hujikunja, mkono haufunguki sawasawa, na kubana kitu kwa gumba kunakuwa kazi.

Weka mkono wako wa kushoto kwenye kibodi kama unavyocheza. Kidole cha pete kiko juu ya A. Cha kati kiko W, kinashuka S. Cha shahada kiko D. Cha mwisho kinalala kwenye Shift na Ctrl. Haya, ondoa cha mwisho na cha pete. Umebaki na mhusika asiyeweza kwenda kushoto wala kutumia nusu ya vitufe vyake. Jeraha la sentimita chache kwenye kiwiko, na ni kana kwamba mtu alikaa akachagua vitufe vya kukunyang'anya.

Si mimi wa kwanza huku Kwale kuwa na mkono huu. Wazee wa Msambweni wanaijua Tumbe, makao ya wagonjwa wa ukoma, na wanaijua mikono ya walioishi pale. Kiini cha ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, na neva ya alna pale kiwikoni iko karibu kabisa na ngozi, kwa hiyo ni miongoni mwa za kwanza kushambuliwa. Vidole viwili vya mwisho hujikunja vilevile kama vyangu. Madaktari huuita mkono wa makucha. Halafu nenda ukawasikilize vijana wanaocheza PUBG Mobile: mchezaji hodari ni yule anayeshika simu kwa "makucha", vidole vinne juu ya kioo kwa pamoja. Neno moja, mkono mmoja ni sifa, mwingine watu huukwepa kuushika wakisalimia. Nilicheka nilipoligundua hilo. Sikucheka sana.

Baada ya ajali niliuliza kama kila mtu: nichukue klasi gani rahisi? Nikapata orodha kumi, zote zimeandikwa na watu wenye mikono mizima. Hapa ndipo ugomvi wangu wa kweli ulipo, maana yule kijana ni mjinga tu, lakini orodha hizi huandikwa na watu wema.

Wao "rahisi" wanaielewa kuwa rahisi kwa kichwa. Klasi yenye vitufe vichache vya kukumbuka ni rahisi, yenye vitufe vingi ni ngumu. Kichwa changu hakikuanguka na bodaboda. Naweza kukariri mpangilio wa vitufe thelathini, kazi yangu ni kukariri mambo ya ajabu kuliko hayo. Nisichoweza ni kuvibonyeza. Kwa hiyo wakaniambia nichukue muwinda-mashetani, klasi ya wanaoanza, vitufe vichache mno. Kweli ni vichache. Lakini unavibonyeza mfululizo bila kupumua, huku unarukaruka mbele na nyuma, umebandikwa kwenye miguu ya adui, na kila akigeuka nawe ugeuke. Jioni ya kwanza nililala na mkono ndani ya maji ya moto.

Tupige hesabu kidogo. Katika mchezo huu, ukitumia pigo moja lazima usubiri kabla ya jingine. Kwa klasi nyingi muda wa msingi ni sekunde 1.5, na kwa baadhi, kama mwizi wa gizani, ni sekunde 1. Sekunde 1.5 ni mapigo 40 kwa dakika. Sekunde 1 ni 60. Vita vya dakika 8 na jitu kubwa ni mibonyezo 320 upande mmoja na 480 upande wa pili, kabla hujahesabu kutembea, kuruka, kukwepa moto na kukatiza uchawi wa adui. Tofauti ya mibonyezo 160 katika pambano moja. Hakuna orodha hata moja niliyoisoma iliyoigusa namba hiyo, na inapatikana kwa kugawanya tu.

Wala namba peke yake haitoshi. Kubonyeza na kushikilia ni vitu viwili. Mwaka 2022 mchezo uliongezewa chaguo la kushikilia kitufe pigo lijirudie lenyewe, na watu wengi wenye maumivu ya viungo wakashangilia, wana haki. Kwangu kushikilia ni kubaya kuliko kugonga, kidole kinachoka na kuanza kutetemeka. Mwenye ugonjwa wa kutetemeka atakuambia kinyume. Kuna vitufe viwili kwa pamoja, Shift na namba, ambavyo kwa mwingine si kitu na kwangu ni ukuta. Kuna kulenga ardhi kwa kipanya huku unatembea kwa kibodi, yaani mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Kuna klasi zinazosimama mahali pamoja kupiga uchawi, na mabingwa wanazidharau kwa kusimama huko, kumbe kusimama ndiyo pumziko la mkono wa kushoto. Uponyaji, ambao kila orodha inasema ni wa waliobobea, unaweza kufanywa kwa kipanya peke yake: kila kitufe cha kipanya kinafungwa kwenye tiba yake, unabofya jina la mgonjwa, basi. Mtu wa mkono mmoja anaweza kuwa mponyaji mzuri kuliko muwinda-mashetani mbovu. Nani aliyeandika hivyo? Hakuna, kwa sababu kwa mwenye mikono miwili uponyaji "unafikirisha".

Mimi nikaishia kwa mwinda wa wanyama. Anapiga kwa mbali, anapiga huku anatembea, na mnyama wake ndiye anayepigwa makofi. Nikikosea kwenda kushoto sifi. Sikuchagua kwa uvivu. Nilikaa na karatasi wiki mbili nikilinganisha klasi, kazi ambayo mwenye kuniita mtoto hajawahi kuifanya hata siku moja.

Na sasa niwaulize jambo, wachezaji wa pwani.

Nyote mnachagua klasi kwa sababu ya umbali. Seva za mchezo huu zinazotuhudumia ziko Ulaya. Kabla ya 2009, nchi nzima ilitegemea setilaiti, ishara ikipanda kilomita 36,000 na kushuka, na kwenda na kurudi kulikula zaidi ya nusu sekunde. Ukibonyeza, unaweza kumeza mate kabla ya mchawi wako kuinua fimbo. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, mwaka uliofuata EASSy, na maisha yakabadilika. Lakini mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde na hausikii dua. Kutoka huku hadi Ulaya na kurudi, kupitia Bahari ya Shamu, sehemu ya kumi ya sekunde huikwepi, na mara nyingi ni zaidi. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini sote tuliona mchezo ukigeuka picha za ukutani.

Kwa hiyo mnafanya nini? Mnakwepa klasi zinazotaka kukatiza uchawi kwa sekunde kamili. Mnachukua zinazosamehe. Mnaingia kwenye mipangilio na kuhakikisha ile nafasi ya kupanga pigo linalofuata kabla la kwanza halijaisha iko kwenye milisekunde 400. Mnaambiana waziwazi: kwa pingi yetu hii usichukue ile, chukua hii. Sijasikia hata siku moja mtu wa Diani akiitwa mtoto kwa kuchagua klasi kwa sababu ya pingi. Anaitwa mjanja. Ishara ikichelewa chini ya bahari mna huruma nayo. Ikichelewa kati ya kiwiko na kidole, mnatukana. Ni uchelewaji uleule. Wangu una waya mfupi tu.

Nakuja kwa watengenezaji.

Juni 2025, katika toleo 11.1.7, World of Warcraft iliweka kisaidizi rasmi. Kina sura mbili: moja inaangaza kitufe kinachofaa kubonyezwa sasa, ya pili inakupa kitufe kimoja ambacho kila ukikibonyeza kinatoa pigo linalofaa. Nilipokisoma nilimpigia mdogo wangu saa sita mchana, saa ambayo huwa simpigii, akadhani kuna msiba. Nashukuru, na shukrani zangu ni za kweli. Lakini ile ya kitufe kimoja imewekewa adhabu: muda wa kusubiri kati ya pigo na pigo unaongezwa kidogo. Hoja ni kwamba bila adhabu, wazima nao wangekitumia wapate faida, na ustadi ungekosa maana.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa haki. Ninapopigana na binadamu mwenzangu naikubali. Street Fighter 6 ilipotoka 2023 ilileta namna ya kucheza ambayo pigo kubwa linatoka kwa kitufe kimoja, na pigo hilo hupunguziwa nguvu kwa asilimia 20. Sawa. Kuna mtu upande wa pili, naye ana haki yake, na mapatano ni mapatano. Lakini pangoni? Sisi watano tuko upande mmoja, adui ni programu. Nimemwibia nani? Yule joka ana mawakili? Kinachoitwa haki pale ni jedwali la kuonyesha nani amepiga sana, yaani majivuno ya watu wanne, na ili majivuno yao yasiguswe, mkono wangu ulioharibika unatozwa ushuru juu ya ushuru. Nimekwishachelewa. Mnaniongezea kuchelewa ili aliyewahi asinuniwe.

Hata kungekuwa na wazima watakaokitumia kwa uvivu, wacha wakitumie. Ngazi ya kuingilia hospitali wakiweka mteremko wa viti vya magurudumu, wasukuma mikokoteni nao hupita hapo, na wamama wenye watoto mgongoni. Sijaona mteremko uliopakwa mafuta ili wenye miguu wasiupende.

Michezo mingine ina yake. Guild Wars 2 mwaka 2022 ilileta klasi ya fundi mwenye roboti ambayo kwa bunduki na kitufe kimoja au viwili ilifanya kazi kubwa. Kelele zikapigwa, ikapunguzwa nguvu. Final Fantasy XIV ilirahisisha klasi ya mwita-majini mwishoni mwa 2021, na mpaka leo kuna wanaoomboleza. League of Legends ina yule paka Yuumi wa 2019, anayempanda mwenzake na kutulia pale akimsaidia, na sidhani kuna mhusika anayechukiwa kumzidi. Kila kinachorahisisha mkono kinapotokea, wa kwanza kulalamika ni ambao mikono yao haina tatizo. Angalia hata Windows. Tangu Windows 95 kuna msaada wa kubonyeza Shift na herufi moja baada ya nyingine badala ya pamoja, na njia ya kuuwasha ni kugonga Shift mara tano. Wachezaji wote wanakijua kile kisanduku kinachoibuka katikati ya vita, na wote wanakilaani. Ni mlango wa mtu mwingine mliogonga kwa bahati mbaya. Ufungeni kwa adabu mwende.

Najua mtakayeniletea sasa, maana huwa mnaletwa huyohuyo. Mike Begum, Mmarekani, aliyejulikana kama BrolyLegs, aliyezaliwa na viungo visivyonyooka, akacheza Street Fighter kwa kutumia mdomo na uso, akawa miongoni mwa wachezaji bora wa Chun-Li duniani. Alifariki Machi 2024, Mungu amlaze pema. Namvulia kofia. Lakini mnamgeuza fimbo. "Yule aliweza kwa mdomo, wewe una vidole vitatu unalia." Kwanza, yule alichagua Chun-Li, hakulazimishwa kucheza kila mhusika. Pili, hakuna mzima anayedaiwa awe bora duniani ndipo aruhusiwe kucheza jioni. Nyinyi wenyewe wengi wenu ni wabovu, nimewaona, na hakuna anayewaambia mtazame wenzenu.

Mwingine nitakayemtaja mwenyewe ni Mats Steen, kijana wa Norwe aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, akafariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi peke yake chumbani. Alipokufa wakagundua ana marafiki kote Ulaya, watu wa chama chake ndani ya World of Warcraft ambako jina lake lilikuwa Ibelin, na baadhi yao walisafiri kuja mazishini. Filamu yake ilitoka 2024. Wengi waliitazama wakalia. Nami nashuku kwamba miongoni mwa waliolia wamo wanaomwambia mtu mwenye mkono mbovu atazame wenzake.

Na kwani sisi hatuna michezo yetu? Nenda baraza yoyote ya Msambweni alasiri, utakuta bao. Mashimo 32, kete 64, na kichwa kinachohesabu mizunguko minne mbele. Nilikuwa namtazama mzee mmoja, jirani wa babu yangu, mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka kiasi kwamba kete zilimwagika nje ya shimo. Basi akawa anasema tu: kimbi, kushoto. Mjukuu anachota na kumwaga, shimo kwa shimo. Mzee anatazama, anakula kete za watu, anatukana kidogo, kahawa inazunguka. Hakuna aliyesema si yeye anayecheza. Hakuna aliyempunguzia kete mbili kwa kuwa hakuzimwaga kwa mkono wake. Wazo hilo lingewashangaza wale wazee. Wangeuliza, kwani bao linachezwa na vidole? Sheria ya namna hiyo tumeikuta kwenye kompyuta, na tumeipokea kama vile ilishuka na kibodi.

Sijisafishi katika haya. Kabla ya ajali niliandikia hoteli moja ya hapa Diani programu ya kupangia vyumba. Nilijivunia kalenda yake: unabana jina la mgeni kwa kipanya, unalivuta mpaka siku unayotaka, ukishikilia Shift unanyoosha siku. Mzuri sana. Miezi minne baada ya kuvunjika waliniita kurekebisha kitu, nikakaa mbele ya kalenda yangu mwenyewe, na sikuweza kuongeza mgeni siku tatu. Hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu sikuiweka. Mwanamke wa mapokezi, ambaye ana umri wa shangazi yangu, akaniambia kwa upole kabisa, "Hata mimi mwanangu, vidole vikivimba huwa namwita askari wa getini aje anivutie." Miaka miwili alikuwa anamwita askari wa getini. Hakuwahi kulalamika, alidhani kasoro ni yake. Niliweka visanduku viwili vya tarehe jioni ileile. Ilichukua dakika arobaini.

Ndiyo maana maneno ya "jitahidi tu" hayaniingii. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 30 kinataja burudani na michezo waziwazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataja haki ya kupata vifaa vya kumsaidia mtu kuvuka vikwazo vya ulemavu wake. Sisemi nimpeleke mtu mahakamani kwa ajili ya joka. Nasema kucheza baada ya kazi halikuwa ombi la ziada ambalo mtu anatuhurumia kulikubali.

Kwa mwenye mkono kama wangu anayesoma hapa, haya ndiyo ninayotumia. Kutembea nimekuhamishia kwenye kipanya, vitufe viwili vikubwa pamoja unaenda mbele, kwa hiyo W imestaafu. A na D nimezipeleka pale vidole vyangu vizima vinapofika. Hakuna amri ya Musa inayosema zikae zilipo. Shift iko chini ya mguu. Hii ya mguu watu huniuliza sana: ni ubao wa mvule, swichi mbili za kengele ya mlango, na bodi ndogo iliyotolewa ndani ya kibodi iliyokufa. Ndani ya kibodi kila kitufe ni makutano ya nyaya mbili tu. Ukizijua zile za Shift, unaziunganisha kwenye swichi yako na kompyuta haijui tofauti. Fundi redio wa hapa Ukunda alinichomea kwa muda wa kunywa soda. Xbox Adaptive Controller ya Microsoft ni kifaa kizuri mno, ina matundu 19 ya kuchomeka swichi za kila aina, lakini ilipotoka 2018 ilikuwa karibu dola 100, kabla ya swichi zenyewe, nauli na ushuru. Ubao wangu ni wa mabaki ya dirisha.

Usichukue klasi yangu kwa sababu ni yangu. Kaa na mkono wako jioni moja, andika ni vidole vipi vinagonga, vipi vinashikilia, vipi vinachoka dakika ya tano, kisha utafute klasi inayolingana na karatasi hiyo. Ikitokea ni ile ngumu kuliko zote, chukua hiyo. Ikitokea ni ya "watoto", chukua, na kitufe kimoja uwashe.

Yule kijana, kwa taarifa, alikufa mara mbili pangoni usiku ule. Mara ya pili mnyama wangu ndiye aliyesimama mbele ya jitu mpaka mponyaji akapata nafasi ya kumfufua. Hakushukuru. Mdogo wangu ametuma ujumbe sasa hivi kutoka Muscat, anauliza kama stima ipo, na kama mama amepata zile dawa.